Usukani wa kupasha joto kwenye Noah: mafundi wa Mtwara na Lindi naombeni ushauri

BiMikindani

Habarini za jioni. Nina Noah ya mwaka 2004, ya petroli, naendesha mwenyewe. Napeleka ng'onda, nazi na korosho zilizobanguliwa Songea na Njombe, nikirudi nabeba viazi na maharage. Kutoka Mtwara hadi Masasi mpaka Tunduru sina neno, hata usiku wa manane unashusha kioo. Kazi inaanza nikishatoka Songea kwenda mbele, hasa mwezi wa sita na wa saba.

Nina baridi yabisi ya vidole. Nikiondoka Songea alfajiri, nikianza zile kona za Lukumburu, kidole cha shahada na cha kati mkono wa kulia vinakakamaa, havifungi. Inabidi niusukume usukani kwa kiganja. Sasa hapo ukutane na lori limeshiba makaa ya mawe linashuka, na ukungu umetanda, mtu unasoma dua zote unazozijua. Daktari aliniambia dawa ninywe, lakini pia nisiache mikono ipoe.

Mdogo wangu yuko Uingereza, gari lake lina swichi ya kupasha moto usukani. Nilipopanda kwake niliushika nikasema hiki ndicho ninachokitaka. Fundi mmoja hapa mjini ananiambia inawezekana: atavua ngozi ya usukani, azungushie waya wa moto, ashone tena, umeme auchukue kwenye waya wa honi. Mwingine ana kava ya kuvisha juu, inachomekwa kwenye tundu la kuwashia sigara. Kabla sijatoa hela, nataka kusikia kwa wanaojua. Ipi ni ya kweli na ipi ni ya kuniunguzia gari?

Mnazi_Mmoja_Lindi

Shikamoo mama. Mimi si fundi, ni dereva wa njia hiyo hiyo. Ile kava ya kuchomeka iache. Niliiona kwa mwenzangu tulipokuwa tunapakia Makambako. Waya unaning'inia kutoka kwenye usukani hadi kwenye dashibodi, ukikata kona unajizungusha kwenye mhimili, ukirudisha unafunguka. Kwenye barabara iliyonyooka sawa, lakini Lukumburu umeitaja mwenyewe. Waya ukinasa kwenye mkono wa indiketa hapo katikati ya kona utafanyaje? Na kava yenyewe inateleza, inazunguka peke yake na usukani unabaki.

Fundi_Waya_Chikongola

Mama shikamoo. Mimi ni fundi umeme wa magari hapa Mtwara mjini, nitakujibu kwa urefu kidogo kwa sababu hili jambo lina hatari ambayo watu hawaioni.

Huyo aliyesema atachukua umeme kwenye waya wa honi, usimpe gari. Honi yenyewe inakula umeme mwingi, ndiyo, lakini umeme huo haupiti kwenye usukani. Kinachopita pale ni umeme kidogo sana wa kuamsha rilei, na rilei ndiyo inayowasha honi kule mbele. Kwa hiyo waya uliopo kwenye usukani ni mwembamba mno. Usukani wa kupasha joto unahitaji wati 70 hivi au zaidi, kwa gari la volti 12 hizo ni ampea 6. Zipitishe kwenye waya ule uone moshi.

Halafu waya ule unapita wapi? Nyuma ya usukani kuna kiboksi cha duara, ndani yake kuna utepe mwembamba wa nyaya uliojiviringa. Usukani ukizunguka, utepe unajikunja na kujikunjua, ndiyo maana honi inalia hata ukikata kona yote. Utepe huo huo ndio unaopeleka umeme wa kulipua eabegi, ule mfuko wa hewa unaofumuka gari likigonga. Unataka moto ukae jirani na waya wa eabegi, sentimita chache kutoka kifuani kwako? Hapana, mama.

Magari yaliyotoka kiwandani na usukani wa moto yana utepe tofauti, wenye njia nene za kupitisha umeme huo. Ndani ya usukani kuna sensa inayopima joto, na kuna kontroli inayokata umeme joto likitosha. Ukitaka kufunga kwa haki unatafuta seti nzima iliyotoka kwenye gari la aina hiyo hiyo: usukani, utepe wake, swichi, kontroli, na soketi ambazo hazijakatwa. Unavuta waya mpya kutoka kwenye betri wenye fyuzi yake, unaweka rilei inayowaka na swichi ya gari, ili ukizima gari usukani nao uzime. Na eabegi lazima iendane na gari lako. Kwa Noah ya umri huo sijawahi kupata seti ya namna hiyo, wala kwenye maduka ya vipuri ya Gerezani kule Dar. Kuchukua usukani wa gari jingine na kuulazimisha sifanyi, hata ukinilipa mara mbili.

Na hata kama ni kuvua usukani kwa sababu yoyote ile, simama hapo umwangalie fundi wako. Matairi yanyooke. Atoe tamino ya hasi ya betri, asubiri sekunde 90 zisizopungua, maana eabegi ina akiba ya umeme hata betri ikitolewa. Soketi za njano ni za eabegi, asizipime kwa mita, ile mita yenyewe inaweza kuilipua. Akishaitoa aiweke upande wa mapambo ukitazama juu, asiilaze kifudifudi. Na ule utepe anapourudisha lazima uwe katikati: anauzungusha taratibu kinyume cha saa mpaka ugome, kisha anaurudisha mizunguko miwili na nusu hivi mpaka alama zikutane. Akikosea hapo, siku utakayokata kona yote unakatika, taa ya eabegi inawaka, na honi inakufa.

Sasa nina swali moja, na hili ndilo nalotaka unijibu kabla ya yote. Hita ya gari lako inafanya kazi? Ukiweka kitufe kwenye rangi nyekundu, injini imeshapata moto, inapuliza nini?

Canter_ya_Nangurukuru

Fundi, mimi nina Canter, kuna jamaa ana zile nyaya za kushonea ndani ya kiti, zimeandikwa volti 12. Za kiti angalau hazipiti kwenye usukani. Nikifunga kwenye Canter itakuwa shida?

Fundi_Waya_Chikongola

Angalia betri zako kaka. Kama ni mbili zimeunganishwa kwa mfululizo, hiyo ni volti 24. Waya wa moto ukiupa volti mara mbili hautoi joto mara mbili, unatoa mara nne. Wati 50 zinakuwa 200 na wewe umekalia. Tafuta za volti 24, na uhakikishe zina kidhibiti joto.

BiMikindani

Marahaba wanangu, nimewaelewa. Kava sinunui na yule wa honi nimeshamwambia basi. Fundi, umeniuliza hita. Tangu ninunue hili gari kwa mtu hapa Mtwara, haijawahi kutoa joto. Naweka nyekundu, inapuliza upepo wa kawaida, ukifika Njombe ni upepo wa baridi kabisa. Nilidhani hizi gari ndivyo zilivyo. Tena mshale wa joto la injini hauinuki, uko chini kabisa, na mimi nilikuwa nafurahi nikijua injini inapoa vizuri.

Fundi_Waya_Chikongola

Mama, hapo ndipo penyewe. Naomba unisikilize vizuri.

Huku pwani kuna tabia ambayo mimi inaniuma sana. Gari likichemka mara moja, fundi anang'oa themostati anaitupa. Hasafishi rejeta, haangalii feni, hapimi kifuniko. Anang'oa tu. Kazi ya themostati ni kuyazuia maji yasiende kwenye rejeta mpaka yafike nyuzi 82 hivi, ndipo ifunguke. Ukiing'oa, maji yanazunguka muda wote, injini haipati joto lake. Hapa Mtwara hulioni tatizo, unaona tu mafuta yanaisha haraka. Ukipanda Njombe, karibu mita 2,000 juu ya bahari, alfajiri ya mwezi wa saba, injini inabaki vuguvugu. Na hita ya gari haina umeme wa kupasha joto, inatumia hayo hayo maji ya injini. Maji yakiwa vuguvugu, utapuliziwa baridi.

Jambo la pili, fungua boneti utazame ukuta wa nyuma, unaotenganisha injini na miguu yako. Kuna mipira miwili inaingia ndani. Wakati mwingine hita ikivuja, mtu anaikata mipira hiyo na kuiunganisha yenyewe kwa yenyewe kwa kipande cha bomba. Maji hayaingii tena ndani ya gari.

Mambo hayo mawili yakirekebishwa, ukielekeza matundu ya katikati na ya pembeni kwenye mikono yako, na ukaacha injini ipate moto kabla ya kuondoka, usukani unapata joto wenyewe.

Mnazi_Mmoja_Lindi

Naunga mkono. Yangu ilirudishiwa themostati nikaona tofauti hata kwenye mafuta. Mama, kingine, kashonewe ngozi nene kwenye usukani kwa mshona viti, ishonwe kabisa kwa uzi, isiwe ya kuvisha. Plastiki ndiyo inayonyonya joto la vidole. Na glavu chagua zenye ngozi kiganjani, za sufu tupu zinateleza.

BiMikindani

Nimefungua boneti leo na mwanangu wa mwisho akinishikia tochi. Mipira miwili kweli ipo, lakini haiingii ndani. Imeunganishwa kwa kipande cha bomba la maji la chuma, na vibano viwili vimeshika kutu. Kwenye ule ukuta kuna vichwa viwili vya bomba vimezibwa kwa matambara na waya. Picha sijui kuiweka humu, ila ndivyo ilivyo. Miaka yote hii naendesha hivyo. Fundi, unaweza kunirudishia vyote? Na kama hita yenyewe imetoboka?

Fundi_Waya_Chikongola

Naweza. Kwanza tunaijaza maji ile hita ikiwa nje ya mfumo na kuibana kwa upepo. Ikishika, tunaunganisha mipira mipya, themostati mpya na gasiketi yake, tunasafisha rejeta, tunajaza kulanti, yale maji maalumu ya kupozea injini, si maji ya bomba. Kisha injini inawashwa kifuniko kikiwa wazi mpaka hewa yote itoke, hita ikiwa kwenye nyekundu. Ikivuja, Gerezani zipo za mtumba za Noah, nitaagiza kwa basi. Usukani hatuugusi, tutamwachia mshona viti aushone ukiwa palepale kwenye gari.

Lete Jumamosi asubuhi na mapema, na ukifika usiliache likiunguruma. Lilale hapa kama utaweza Ijumaa, nataka kufungua rejeta ikiwa baridi kabisa. Ng'onda mama uzishushe kwanza, nitahitaji nafasi ya kufanyia kazi ndani.