Chupa ya tatu ya wiski niichague kwa kigezo gani?

Mhamiaji wa Makole

Wakuu, habari za jioni. Nilihamia Dodoma pamoja na ofisi, na kwa kuwa hapa zabibu ziko mlangoni, nilianza kwa kujifunza mvinyo, kiasi kwamba leo naweza kueleza kwa nini Chenin Blanc fulani ya hapa naipenda kuliko nyingine. Siku hizi nimevutiwa na wiski. Nyumbani nina Jameson ya Ireland na Johnnie Walker Red Label ya Scotland, nazo nazinywa taratibu mwisho wa juma. Nataka sasa chupa ya tatu, lakini kila nikisimama mbele ya rafu dukani, Area D, nabaki kusoma lebo tu.

Muuzaji anashikilia kwamba kigezo ni miaka: 12 ni nzuri, 18 ni nzuri zaidi, na bei nayo inapanda vivyo hivyo. Mwenzangu wa ofisini anadai kwamba miaka ni mbinu ya kibiashara. Uwezo wangu ni chupa moja kila baada ya miezi kadhaa, kwa hiyo nisingependa kubahatisha. Je, mtu anayetaka kuelewa anachokunywa afuate nini? Na je, nikitia barafu naharibu kinywaji?

Mzee wa Mlimwa

Ndugu yangu, muuzaji hakukudanganya, ila amekupa kipande tu cha maelezo. Miaka inayoandikwa kwenye chupa ya Scotland ni umri wa wiski iliyo changa kuliko zote zilizochanganywa humo, nayo huhesabiwa ikiwa ndani ya pipa pekee, kwa sababu ikishatiwa chupani haikomai tena. Sheria ya kwao inataka ikae angalau miaka 3 katika pipa la mwaloni na iwe na kilevi kisichopungua asilimia 40. Baada ya hapo, umri unakueleza muda ambao mti ulifanya kazi, lakini haukuelezi ulikuwa mti wa namna gani, wala katika hali gani ya hewa. Huko Scotland, penye baridi, pipa hupoteza takriban asilimia 2 ya kilichomo kila mwaka kwa kuvukizwa. Kule Bangalore, India, wanakotengeneza Amrut, joto huharakisha kila kitu, yaani wiski hukolea mapema na pia hupungua kwa kasi, ndiyo maana chupa zao nyingi hazitaji umri kabisa. Ukiufikiria mwezi wa Oktoba wa hapa kwetu, utaona kwamba anayesubiri miaka 18 Dodoma angefungua pipa lenye masalia.

Kwa hiyo ulizia kwanza pipa. Bourbon ya Marekani hutengenezwa kwa nafaka ambayo mahindi ni angalau asilimia 51, na ni lazima ihifadhiwe katika vyombo vipya vya mwaloni vilivyochomwa ndani. Humo ndimo inamopata ule utamu wa vanila na sukari iliyoungua. Kwa kuwa hawaruhusiwi kuyatumia tena mapipa hayo kwa bourbon nyingine, huyauza, na wanunuzi wakubwa wako Scotland na Ireland. Sehemu ya vanila unayoisikia kwenye Jameson yako ilipitia Marekani kwanza.

Wewe uliyetokea kwenye mvinyo, ningekushauri utafute wiski iliyokaa katika mapipa ya sherry, ule mvinyo wa Jerez, Hispania, unaoongezewa kilevi. GlenDronach ya miaka 12 ni mfano mzuri: utakuta zabibu kavu, tini na viungo, mambo ambayo ulimi wako umeshayazoea.

Mpembuzi Kongwa

Shikamoo Mzee. Kuhusu pipa nakubaliana nawe, ila kwa hiyo chupa ya tatu sikubaliani. Anayejifunza abadilishe jambo moja tu kwa wakati mmoja. Kwa kuwa ndugu ana Red Label, achukue Black Label ya miaka 12, ya Johnnie Walker hao hao, yenye moshi kidogo, aziweke pamoja mezani, na tofauti atakayoiona itamfundisha zaidi ya kuruka kwenda kwenye kitu kigeni kabisa na cha bei kubwa. Moshi huo huingia mapema, wakati kimea cha shayiri, yaani shayiri iliyooteshwa, kinapokaushwa juu ya moto wa piti, yaani mabaki ya mimea yaliyojikusanya kwenye maeneo yenye majimaji kwa maelfu ya miaka. Akiupenda, ndipo aende kisiwa cha Islay, kwenye Laphroaig au Lagavulin. Laphroaig ina harufu inayowakumbusha wengi chumba cha kufungia vidonda. Wapo wasioisogelea, na wapo, mimi nikiwemo, wasiotaka nyingine.

Namna ya kuonja ni hii. Mimina kidogo katika glasi iliyobana mdomoni, hata ile ya mvinyo inafaa, uiache dakika chache, kisha unuse huku mdomo ukiwa wazi kidogo ili kilevi kisikuchome pua. Onja bila maji. Tia matone mawili matatu ya maji yasiyo na harufu ya dawa, unuse tena, na utashangaa kuona matunda yamejitokeza mahali palipokuwa na ukali tu. Barafu haiharibu kinywaji, ila ubaridi huifunga harufu. Kwa hiyo onja kwanza, barafu ifuate.

Mama Ilazo

Haya yote yatakuwa na maana ikiwa kilichomo ni wiski kweli. Nunua katika duka linalojulikana, kagua stempu ya kielektroniki ya TRA iliyobandikwa kwenye chupa, na uichunguze kwa simu kupitia programu ya Hakiki Stempu. Kizibo kikizunguka kabla hujakivunja, au lebo ikiwa imebandikwa upande, irudishe hapo hapo. Pombe ya kughushi inaweza kuwa na methanoli, nayo hupofusha na kuua.

Kuhusu bei, tafuteni watu wanne mchangie chupa mbili tofauti kwa mpigo. Mtaonja zaidi kwa fedha ile ile, na kila mtu atakunywa kidogo. Mwenye gari aliache nyumbani.

Mhamiaji wa Makole

Nawashukuru sana wote. Nitachukua Black Label mwezi huu, na ile ya mapipa ya sherry tutaichangia na wenzangu wa ofisini. Nimalizie kwa swali moja: mvinyo wangu nimeulaza kwenye rafu kabatini, je, na hizi nizilaze?

Mama Ilazo

Hapana, zisimamishe. Mvinyo hulazwa ili kizibo kisikauke, lakini kilevi cha asilimia 40 hukila kizibo na kuacha vipande ndani ya chupa. Ziweke mbali na dirisha, maana jua la hapa hufifisha rangi na ladha. Chupa iliyobakiwa na robo imalize ndani ya miezi michache, au uihamishie kwenye chupa ndogo iliyo safi na kavu, kwa sababu hewa inayojaa humo ndiyo inayoichosha.

Mzee wa Mlimwa

Marahaba, Mpembuzi. Aanze na hiyo Black Label, ila ile ya sherry msiinywe usiku mmoja na Laphroaig, kwa sababu moshi ukitangulia hamtaipata hiyo zabibu.