Nimeacha kibarua cha jioni, lakini muda bado siuoni

BintiMzee:
Wakuu, habari za jioni. Niliacha kibarua cha kuwaandikia watu mahesabu usiku ili nikae na baba. Macho yake yamefifia, na anachopenda ni kusomewa gazeti. Sasa jioni ninazo, gazeti halisomwi! Nikivua viatu tu, bosi anauliza faili liko wapi, kundi la familia linabishana, nguo zinanisubiri. Nikija kushtuka mzee kashalala, gazeti kalikunja vizuri pembeni ya mto. Huo muda unakwenda wapi?

KalamuNyekundu:
Pole dada. Mwaka 1955 Mwingereza mmoja, Cyril Northcote Parkinson, aliandika katika jarida la The Economist kwamba kazi hutanuka mpaka ijaze muda uliopo. Alikuwa anawatania watumishi wa serikali, ila naona kakugusa na wewe. Umeondoa kibarua, nafasi yake hukuipa mwenyewe, kila mtu kajikatia kipande. Gazeti lisiwe la mwisho. Ukiingia, salamu, maji ya kunywa, gazeti. Nguo baadaye, hata zikilala.

Kimyakimya:
Naongezea: simu iache chumba kingine. Kuizima sauti na kuilaza mezani hakusaidii, jicho litaifuata tu.

Bosi naye azoeshwe. Ufaransa, tangu Januari 2017, kampuni zenye wafanyakazi 50 na zaidi zinatakiwa kujadiliana nao kuhusu haki ya kutosumbuliwa na simu na barua pepe nje ya saa za kazi. Wengi wetu sheria ya namna hiyo hatuna, lakini mdomo tunao. Mimi wangu nilimwambia, "Mkuu, nikishatoka nitakujibu asubuhi, labda jambo liwe la dharura, hapo nipigie." Alininunia kidogo. Kumbe dharura zenyewe hazikuwepo, hajawahi kupiga.

ShangaziWaWote:
Bosi mbona rahisi, ana saa za kazi. Kazi ipo kwenye kundi la familia! Usijitoe, mwanangu, utaitishiwa kikao. Waambie tu kwamba saa moja hadi saa mbili upo na baba. Nani atakulaumu kwa hilo? Na mwenye neno, mwambie aje asome yeye, uone watakavyonyamaza.

BintiMzee:
Shangazi umenichekesha 😂 Nimewaandikia hivyohivyo, na kaka mkubwa kasema Jumapili atasoma yeye. Simu nimeiacha jikoni. Tumeanza na matangazo ya vifo (ndiyo anayoyataka kwanza, sijui kwa nini), siasa kaniambia niruke. Kasheshe ipo kwenye michezo: timu yake imefungwa, anadai nimesoma vibaya, na amenirudisha ukurasa uleule mpaka sauti imekauka.

KalamuNyekundu:
Imefungwa ngapi?