Mrejesho: transaminasi imekubali

Ndugu zangu, niliuliza kwa nini transaminasi yangu (kimeng'enya kinachohamisha kundi la amino), hapa maabara Kampala, inagoma kugeuza asetofenoni, ambayo ni ketoni, kuwa amini ya mkono mmoja, yaani umbo moja tu kati ya mawili yanayotofautiana kama mkono wa kushoto na wa kulia. Mliosema tatizo ni msawazo wa mmenyuko (unarudi nyuma pia, hivyo unasimama kabla ya kufika mwisho), si kimeng'enya, mlisema kweli. Alanini peke yake, kama mtoaji wa kundi la amino, haiusukumi mbali. Nimeweka isopropilamini, mtoaji mwingine, kwa wingi, na asetoni inayotokea naifukuza kwa hewa ya polepole ili mmenyuko usirudi nyuma. Piridoksali fosfati, msaidizi wa kimeng'enya, nayo nimeongeza, mchanganyiko ukawa manjano kama maji ya bizari. Umeme ulikatika mara mbili, ila kwa nyuzi 30 hakikuharibika kitu. Asubuhi doa la asetofenoni kwenye bamba la kupimia lilikuwa karibu limetoweka! Kampuni za Merck na Codexis zilionyesha njia hii kwa sitagliptini, dawa ya kisukari, mwaka 2010, zikaachana na kichocheo cha metali ya rodiamu. Nashukuru sana. Bado kupima kama amini ni ya mkono mmoja tu.