Leseni ya uuguzi imekwisha tangu 2019, niliacha kazi sababu ya pethidini (sindano ya maumivu makali, inalevya). Niseme ukweli au nihuishe kimya kimya?

Nesi_wa_Naiti

Wakubwa shikamooni, rika langu habari za leo.

Mimi ni nesi wa diploma, mwanaume, miaka 38. Hospitali sitaitaja. Leseni yangu iliisha 2019 sikuihuisha, sasa nataka kurudi wodini. Ada na pointi za CPD (mafunzo ya kujiendeleza kazini) si tatizo, nitazitafuta. Tatizo ni kilichonitoa kazini.

Nilikuwa wodi ya upasuaji. Mnaojua mnajua: ampuli (kichupa cha sindano) ya pethidini ina miligramu 100, daktari ameandika mgonjwa apewe 50, zinabaki 50. Kitabu cha DDA (daftari la dawa za kulevya zinazofungiwa kabatini) kinataka zimwagwe mbele ya shahidi, naye asaini. Sasa naiti mko wawili kwa wagonjwa thelathini na kitu, nani ataacha dripu aje kukutazama ukimwaga dawa kwenye sinki? Mwenzangu alikuwa anasaini ukurasa mzima asubuhi tukinywa chai. Mara ya kwanza jino lilikuwa linaniua, siku ya tatu sijalala. Nikajiambia, haya mabaki si yanamwagwa bure? Jino nililing'oa wiki ileile. Mabaki niliendelea nayo miaka mitatu.

Agosti 2019 nikaanguka degedege chooni, katikati ya zamu, kanyula (mpira wa kupitishia sindano mshipani) iko mguuni ndani ya soksi. Pethidini ukijidunga nyingi mfululizo, mwili unaivunja ikawa kitu kingine kinachochokoza ubongo. Swali hilo lilitoka kwenye mtihani wetu chuoni na nililipata. Mkuu wangu wa wodi akaniambia andika barua ya kuacha kazi leo hii, mengine niachie. Niliandika ulimi bado unatoka damu. Hakuna kikao cha nidhamu, hakuna taarifa iliyokwenda Baraza la Uuguzi. Siku ile niliona amenisitiri. Siku hizi nawaza, alinisitiri mimi au aliisitiri wodi yake?

Pethidini ilipokosekana nikaangukia unga, hapo sirefushi. Januari 2020 nilipokelewa kliniki ya methadoni (dawa ya kumsaidia mtu kuacha unga) Mwananyamala. Nesi wa dirishani alikuwa nyuma yangu mwaka mmoja chuoni. Ananipa kikombe, nakunywa mbele yake, nashushia maji, halafu lazima niseme neno ili ajue nimemeza. Nilikuwa nasema "ahsante sista". Mwaka mzima wa kwanza alikuwa anaangalia kikombe tu, usoni haniangalii.

Nilimaliza kushushwa dozi Machi 2024. Nauza duka la vifaa vya ujenzi la shemeji yangu. Majibu ya mkojo yote safi, karatasi ninazo.

Basi swali. Kwa Baraza mimi ni mtu aliyechelewa kuhuisha, basi. Niombe hivyohivyo, au niwaandikie yote?

Mpunga_Mbarali

Mkuu pole, na hongera sana, wengi hawarudi huko. Ila hapa unataka kujichongea mwenyewe. Kwani nani amekuuliza? Wakiuliza ulikuwa wapi, sema ulikuwa unauza nondo, wala hujasema uongo. Umeshapona. Mtoto wako ada ya shule atailipiwa na huo ukweli?

Bibi_wa_Wodi_Tatu

Marahaba mwanangu. Nimestaafu, nimefanya uuguzi miaka 36, na funguo za DDA nimetembea nazo mfukoni mpaka sketi ikatoboka.

Kwanza tenganisha vitu viwili. Usajili ni jina lako kwenye daftari la Baraza la Uuguzi na Ukunga. Leseni ni ruhusa ya kufanya kazi, na hiyo ndiyo iliyokwisha. Jina halikufutwa, kwa hiyo huombi kurudishwa kama mtu aliyefukuzwa. Hao njia yao ni ndefu kuliko yako. Mpunga hapo juu yuko sahihi kiasi hicho.

Lakini ukihuisha kimya, utapangiwa wodi, na siku ya kwanza sista wa zamu atakukabidhi funguo kama anavyomkabidhi mwingine yeyote. Utamwambia nini? Kwamba zile usinipe? Ataanza kuuliza, na wakati huo utakuwa tayari umejaza fomu na kusaini.

Mimi ningeandika. Ningeambatisha barua ya daktari wa kliniki, na barua ya mganga mfawidhi aliyekubali kukuchukua huku akijua. Mtafute huyo kwanza, kabla ya Baraza. Na uombe mwenyewe kuanza mahali pasipo na kabati la DDA: chanjo, kliniki ya mama na mtoto, kupima wajawazito.

Sasa nikuulize, usinikasirikie. Umetueleza mabaki. Miaka mitatu, mpaka degedege, kwa mabaki ya miligramu 50? Mimi nimehesabu vile vitabu. Mabaki hayatoshi.

DadaHouston

Kaka, mimi ni nesi huku Texas, mwaka wa kumi na moja. Bibi amemaliza, naongeza mawili.

Huku kuna programu za kuwasimamia manesi na madaktari waliopona. Zamu yangu yupo mmoja. Kila asubuhi anaangalia kama amechaguliwa kutoa mkojo siku hiyo, hajui lini. Mwanzoni dawa za kulevya hagusi kabisa, mgonjwa wake akihitaji mofini naitwa mimi. Kero? Kero kweli, nikiwa na wagonjwa wangu sita. Lakini inafanya kazi. Mwaka 2008 ilichapishwa tafiti ya madaktari 904 kwenye programu 16 za namna hii: katika miaka mitano ya kusimamiwa, 78 kati ya kila 100 hawakukutwa na kitu kwenye vipimo hata mara moja. Ni watu waliokuwa wanajua wakiteleza wanapoteza kazi, hilo nalo lihesabu.

La pili ni hizo karatasi zako. Kipimo cha kawaida cha opiati kwenye mkojo kinashika mofini na heroini. Pethidini hakiishiki. Kwa hiyo karatasi zinaonyesha umeacha unga, lakini kuhusu ile dawa ya wodini hazisemi lolote. Mtu anayejua maabara ataliona hilo dakika ya kwanza. Kaulize kama kuna maabara inaweza kupima pethidini yenyewe.

Nesi_wa_Naiti

Dada, la kipimo sikuwa nalijua, na mimi ndiye nesi. Nitauliza.

Bibi, sikukasirika. Nilifunga duka mapema nikakaa nyuma kwenye mabati.

Hayakutosha. Mwaka wa mwisho nilikuwa nachukua ampuli nzima, mgonjwa nampa maji ya sindano. Nilikuwa nachagua wasiolalamika: wazee, wanawake wa vijijini. Mmoja alikuwa wa kitanda namba 7, amefanyiwa upasuaji wa kujifungua asubuhi yake. Usiku nikamdunga maji. Alikaa ameuma ncha ya kanga mpaka alfajiri. Nilipopita kuchukua presha akaniambia, "Baba, dawa yako ilikuwa nzuri, sema mimi tu mwili wangu mgumu." Akaniomba radhi.

Hii sijamwambia mtu. Hata kliniki.

Mpunga_Mbarali

Dah.

Bibi_wa_Wodi_Tatu

Nimesoma mara mbili, mwanangu.

Hilo la namba 7 likiingia kwenye barua linabadilisha kesi. Si ugonjwa wako peke yake tena, ni mgonjwa aliyenyimwa dawa, na wanaweza kukuita kwenye kikao. Usiiandike peke yako. Tafuta wakili, hata wa msaada wa kisheria, aisome kabla haijaondoka. Inaandikwa kwa Msajili.

Kikao kikiitwa, niandikie kwenye ujumbe wa faragha. Niko Dodoma, na pale nje kuna benchi la kusubiria. Nitakuja kukaa.

Nesi_wa_Naiti

Ahsante, mama. Jumatatu shemeji anakaa dukani, naenda kumtafuta wakili.