Kuku wapole wa nyuma ya nyumba: gumzo la majirani, Kisumu

Mama Ivy: Majirani hamjambo. Nataka kuku 6 wa mayai ya nyumbani tu. Watoto wana miaka 4 na 7, lazima watataka kuwashika. Buff Orpington, Brahma na Silkie wanasifiwa sana kwa upole. Nitafute hao?

Baba Trevor: Wapole kweli, hapo hakuna ubishi. Shida ni joto letu. Orpington na Brahma wana manyoya mazito. Saa nane mchana utawakuta wamepanua midomo wanahema, mabawa wameyaachia. Kuku hatoi jasho. Akihema hivyo kutwa, anapunguza kula na ganda la yai linakuwa jepesi.

Mama Akinyi: Brahma ana manyoya mpaka vidoleni. Na udongo huu mweusi wakati wa masika! Tope linagandia miguuni mpaka anachechemea. Utitiri wa miguu nao hujificha humo humo, unashtukia magamba yameshainuka.

Baba Trevor: Silkie ndiye wa kubebwa kabisa, lakini manyoya yake hayazuii maji, akinyeshewa analowa hadi ngozi. Haruki, na kishungi kinamziba macho, mwewe anamfikia bila yeye kujua. Halafu kila mara anataka kuatamia. Mayai utayahesabu kwa vidole.

Mama Ivy: 😂 Sasa nichukue nani?

Daktari wa Mifugo: ISA Brown, chotara wa mayai, wanaokaribia kutaga, wiki 16 hadi 18. Manyoya si mengi, na wakianza kutaga ukimgusa mgongo anachuchumaa mwenyewe, mtoto anamwinua bila kumkimbiza. Muulize muuzaji rekodi ya chanjo: Marek (ugonjwa wa kupooza) siku ya kwanza, kisha Gumboro, kideri na ndui. Hana rekodi, usinunue.
Ukiwakosa, Sasso, chotara wa nyama na mayai. Ametulia sana ila ni mzito. Fito ya kulalia isizidi futi moja na nusu. Akiruka kutoka juu nyayo huumia na kufanya jipu.

Omondi: Kuchi je? 🐓

Mama Akinyi: Wee! Huyo ni kuku wa kienyeji wa kupigana, mdomo wake usiukaribishe macho ya mtoto wa miaka 4.

Mama Ivy: Na jogoo?

Baba Trevor: Wa nini? Kuku hutaga bila jogoo, labda kama unataka vifaranga. Na yule aliyebebwa bebwa tangu kifaranga ndiye hurukia watoto akifika miezi 5 hivi, kwa sababu hamwogopi mtu tena.

Daktari wa Mifugo: Kushika kwenyewe: mtoto achuchumae, mkono uingie chini ya kifua. Ukimjia kutoka juu anakuona mwewe. Mabawa yabanwe mwilini, miguu ikae katikati ya vidole. Ile ya sokoni ya kuning'iniza kichwa chini wasijifunze, kuku anashindwa kupumua vizuri. Wamzoeshe na omena iliyopondwa kiganjani. Baadaye mikono ioshwe kwa sabuni, kuku mzima kabisa anaweza kubeba salmonela, vijidudu vya kuharisha.

Mama Akinyi: Wote 6 wanunuliwe pamoja, umri mmoja. Ukija kuongeza, usilete mmoja peke yake, atadonolewa kichwa mpaka damu. Leta wawili, watenge kwa waya angalau wiki 2 waonane bila kugusana.

Mama Ivy: Chakula?

Baba Trevor: Kuku mmoja gramu 110 hadi 120 kwa siku. Gunia la kilo 50 linakupeleka miezi miwili na kidogo. Liinue juu ya mbao, likinyonya unyevu sakafuni linaota ukungu, na ukungu una sumu.

Mama Ivy: Asanteni. Banda ni mita 2 kwa 1, fundi anamaliza Ijumaa.

Daktari wa Mifugo: Linatosha 6, usiongeze. Pande mbili ziwe waya mgumu, ule mwembamba nguchiro anaurarua. Waletwe jioni jua likipoa, waweke moja kwa moja kwenye fito, maji yawe tayari asubuhi.