Nipo Kigoma, GPA 3.6, nataka kufundisha chuo upande wa maji. Bado kuna njia?

mtoto_wa_katonga
Wakuu habari za jioni. Mimi kijana wa hapa Kigoma mjini, nimemaliza digrii ya sayansi ya mazingira miaka mitatu iliyopita, tangu hapo naokoteza vikazi vya mkataba kwenye tathmini za mazingira, na wa mwisho walinizungusha malipo ya miezi miwili nikasema basi inatosha. Kilichonishika ni maji. Ziwa lilivyopanda kule Kibirizi na bandarini watu wananiuliza we si umesoma mazingira, hili ziwa limekuwaje, nikawa najiumauma tu. Sasa nataka nisome haidrolojia, yaani sayansi ya maji ya mito, maziwa na mvua, mpaka PhD, nifundishe na kufanya utafiti. GPA yangu 3.6. Njia ipo? Na masta nikafanye wapi? Mzee nyumbani anasema niache ndoto nikamsaidie biashara ya mawese. Msinicheke

kipimamvua
Pole dogo. Ukweli mchungu ni kwamba kwa 3.6 ule mlango wa TA, yaani mkufunzi msaidizi anayeanzia chini, umefungwa sehemu nyingi, vyuo vyetu vingi vinataka 3.8 kwenye digrii ya kwanza, halafu masta 4.0 ndo uitwe mhadhiri msaidizi, na wanaangalia vyeti vyote viwili kwa hiyo masta nzuri haifuti digrii. Bora ulijue leo kuliko ulijue ukiwa na miaka 35. Ila utafiti haufanywi chuoni tu, na hapo mjini kwako kuna kituo cha TAFIRI, wale wa utafiti wa uvuvi, na kuna Bodi ya Maji Bonde la Ziwa Tanganyika, watu wanasafiri kutoka Ulaya kuja kupima hilo ziwa we unalala mita mia mbili toka ufukweni

dada_wa_Uvinza
Kipimamvua umemkata mtoto maini 😂 ila kasema kweli.

Mdogo wangu, mimi nimetokea mazingira kama wewe nikaingia maji, na kilichonitesa sio GPA, ni hesabu. Haidrolojia ni kalkulasi na takwimu, sio zile stori za uharibifu wa mazingira tulizokariri. Nilikaa msimu mzima wa mvua kwenye mto Malagarasi, kazi ni kusoma ile nguzo ya kupimia kina asubuhi na jioni, halafu siku nyingine unaingia na mtumbwi kupima kasi ya maji kipande kwa kipande toka ng'ambo hii hadi ile, unazidisha na upana na kina unapata mita za ujazo kwa sekunde. Ukirudia mara nyingi maji yakiwa machache na yakiwa mengi unapata mchoro wa kuoanisha kina na kiasi, baada ya hapo ukisoma kina tu unajua mto unapitisha kiasi gani. Shida ni kwamba yakija mafuriko yenyewe, pale unapohitaji kipimo kuliko siku zote, nguzo inasombwa na viboko wapo, nani aingie? Ndo maana data zetu zina matobo, na hayo matobo ndo masta yangu ilipotokea.

Masta: Nelson Mandela Arusha wana haidrolojia na uhandisi wa maji, UDSM pia wanayo ya usimamizi wa rasilimali za maji. Nje kuna IHE Delft Uholanzi, wale ni maji tu asubuhi mpaka jioni. Ukimwandikia profesa usianze na naomba ufadhili, anza na swali lako na data ulizonazo hata kama ni za miezi sita

Mzee wa Ujiji
Nyie vijana, swali la maji hapa limeanza zamani. 1871 Livingstone na Stanley walitoka hapa Ujiji kwenda kaskazini kutazama kama mto Rusizi unaingia ziwani au unatoka, wakakuta unaingia. Mlango wa kutokea ni Lukuga upande wa Kongo, na wenyewe unatoa kidogo, maji mengi yanaondoka kwa mvuke. Kwa hiyo mvua zikizidi miaka miwili mitatu mfululizo ziwa halina pa kumwaga haraka, linapanda. Mwishoni mwa miaka ya 1870 lilipanda hivyohivyo likapasua kizuizi cha Lukuga likashuka. Hao waliokuuliza Kibirizi kawajibu hivyo

mtoto_wa_katonga
Mzee shikamoo, hili darasa sijawahi kulipata chuo aisee. Dada wa Uvinza hesabu zangu za hovyo kidogo nisidanganye. Bodi ya bonde naweza kwenda tu hivihivi au mpaka barua?

dada_wa_Uvinza
Barua, andika ya kuomba kujitolea, na utaje mto. Sema Luiche, upo karibu na mjini hutahitaji nauli kubwa. Nenda nayo Jumanne. Na hesabu anza leo usiku, mawese ya mzee yapige bei jumamosi upate hela ya bando