Binti yangu ameifungia roboti yake kwenye boksi baada ya kushindwa kwenye shindano la roboti. Nimwache au nimsukume?

MamaBinti:
Habari zenu wakuu. Naomba mawazo yenu, maana hapa nyumbani nimekwama.

Binti yangu ana miaka 11. Mwaka jana alianza kuangalia vipindi vya zamani vya Robot Wars, lile shindano la televisheni la Uingereza lililoanza kurushwa BBC Two mwaka 1998, ambapo watu wanaingiza roboti walizojenga wenyewe zikapigane. Nilikaa naye siku ya kwanza nikidhani nitasinzia, nikajikuta nimesimama napiga kelele. Yeye alizishika zote kwa majina. Razer yenye mdomo wa kubana kama koleo, Chaos 2 inayorusha wenzake juu, na Sir Killalot, yule mbabe wa waandaaji anayekusubiri kwenye kona. Daftari lake la sayansi lina michoro ya roboti kuliko sayansi yenyewe.

Mwalimu wa klabu yao ya watoto akaamua kuandaa shindano dogo kwa mfano wa kipindi hicho. Roboti za gramu 150, ulingo ni boksi kubwa la plastiki ngumu linaloonyesha ndani, kuna waamuzi watatu na mtangazaji. Walijenga kwa miezi mitatu. Mwanangu alifanya karibu kila kitu kwa mkono wake, mimi kazi yangu ilikuwa kushika tochi.

Pambano lake la kwanza halikumaliza nusu dakika. Roboti ya mwenzake ilikuwa na ubapa wa chuma unaozunguka mbele. Ikagonga mara moja, tairi la kushoto likaruka. Ikagonga tena, ya kwake ikazima kabisa. Nilikuwa nyuma yake, nikamwona anasukuma kile kijiti cha rimoti mpaka ukucha wa kidole gumba umekuwa mweupe, na watoto wenzake wanahesabu kwa sauti, kumi, tisa, nane, kama wanavyoona kwenye televisheni. Hakulia pale. Alilia tulipofika nyumbani, akiwa amevua kiatu kimoja.

Roboti akaiweka kwenye boksi la viatu, akazungusha tepu mara tatu, akasukuma chini ya kitanda. Sasa ni wiki ya pili. Hataki kuangalia kipindi, hataki kuizungumzia. Shindano lingine ni baada ya wiki sita. Nimefikiria kuitengeneza usiku akiwa amelala ili aikute imepona. Baba yake anasema tununue iliyotengenezwa tayari. Au tumwache tu apumzike na hii habari? Natanguliza shukrani.

Kipanga77:
Pole sana mama. Mimi nitasema ukweli wangu. Mtoto wa miaka 11 hajafika umri wa kusimamishwa mbele ya watu kitu chake kikavunjwavunjwa huku anahesabiwa. Ningekuwa mimi ningemtafutia roboti za kufuata mstari au za kupanga vitu. Ujuzi ni uleule na hakuna anayeumia moyo.

FundiSolda:
Kabla ya yote, Mama, nijibu kitu kimoja kwa haraka. Betri iko wapi sasa hivi? Aliitoa au imo humo humo ndani ya boksi?

MwlHisabati:
@Kipanga77 nakuelewa, ila sikubaliani nawe. Nimesimamia watoto kwenye haya mashindano miaka kadhaa. Hata kwenye kupanga vitu wanalia, tena sana, pale roboti inapokwama na muda unakwisha. Kinachomuuma mtoto ni kutojua nini kilitokea. Aliyeshindwa akajua kwa nini ameshindwa, huyo kesho yake anakuja na bisibisi.

Mama, nakuomba usiitengeneze usiku. Ataikuta nzima, atajua si yeye, na hapo utakuwa umemwambia bila maneno kwamba yeye hawezi. Na ya kununua ndiyo kabisa. Hiyo itakuwa ya duka, haitakuwa yake.

Kuhusu kuhesabu, ongea na mwalimu wa klabu. Kuhesabu kwenyewe si kosa, roboti iliyokaa bila kusogea lazima itangazwe imeshindwa. Lakini kazi hiyo iwe ya mwamuzi mmoja, kwa sauti ya kawaida. Ukumbi mzima wa watoto ukihesabu, hapo huyo mmoja anazomewa.

MamaBinti:
@FundiSolda betri imo humo humo. Hatujafungua tangu siku ile. Kuna tatizo?

FundiSolda:
Linaweza kuwepo, na ndiyo maana nimeuliza hilo kwanza. Kama ni zile betri laini za lithiamu, zenye ngozi ya plastiki inayong'aa kama pakiti ya majani ya chai, hazipendi kugongwa. Ikipata jeraha ndani inaweza kukaa kimya siku nyingi halafu ikafura, ikapata moto, na ikiwaka inawaka kwa nguvu. Ndani ya boksi la karatasi, chini ya godoro analolalia mtoto, hapana. Tafadhali itoe leo hii.

Usiibonyeze, usiitoboe, wala usijaribu kuichaji uone kama inafanya kazi. Chomoa plagi yake taratibu, ncha za waya zisigusane. Angalia kama imefura au ina kona iliyobonyea, na kama ina harufu tamu tamu ya ajabu. Ukiona dalili yoyote, iweke kwenye ndoo ya chuma yenye mchanga, nje, mbali na nyumba na kitu chochote kinachoshika moto, kisha uipeleke wanakopokea betri chakavu. Usiitupe kwenye taka za kawaida.

Mengine tutaongea baadaye. Hili kwanza.

BinamuGia:
Fundi kasema. Mimi meza yangu ilishaungua kwa betri ndogo kama biskuti niliyoipuuza, na ilikuwa wiki nzima baada ya roboti kuanguka.

MamaBinti:
Nimerudi. Mikono bado inatetemeka kidogo. Nilifungua boksi, betri imefura upande mmoja, imekaa kama mto mdogo. Nimeichomoa, iko nje kwenye ndoo ya mchanga. Asante sana @FundiSolda, mimi nilikuwa nawaza machozi tu, sikuwaza moto.

Kuna jambo limetokea. Alinikuta nimepiga magoti chumbani kwake na boksi liko wazi. Akakasirika, kwa nini nimegusa vitu vyake. Nikamweleza ya betri. Akanyamaza, akaomba aione. Tukasimama nje wote wawili tunaangalia ndoo. Halafu akauliza, kwa hiyo ilizima kwa sababu ya betri? Nikamwambia sijui. Hajasema zaidi, ila boksi hakulifunga tena.

FundiSolda:
Afadhali. Na hilo swali lake ndilo la kushika. Usimjibu, mwache alitafute mwenyewe.

Mwekee mezani ile roboti bila betri, taa nzuri, na kipima umeme kama mnacho. Mwambie aanzie kwenye betri, afuate waya mmoja mmoja mpaka kwenye mota, avute kila kiungo kidogo kwa kidole. Roboti ndogo ikizima ghafla baada ya kugongwa, mara nyingi mota ni nzima na ubao wa umeme ni mzima. Kinachokuwa kimeharibika ni solda (ile risasi inayoshikiza waya kwenye ubao) iliyoachia, au plagi iliyochomoka kwa mtikisiko. Kama betri haikuwa imefungwa mahali, kipigo kinairusha, yenyewe inavuta waya wake, na umeme umekatika hapo hapo. Huyo mpinzani hata hakuivunja roboti yake, aliitikisa tu.

Na tairi, muulize lilikaaje. Kama lilisukumwa tu kwenye ekseli bila skrubu wala gundi, lilikuwa linasubiri siku yake.

JogooLaJuzi:
Mimi napenda kuongezea upande wa kipindi chenyewe, kwa kuwa anakipenda. Mwambie arudie kuiangalia Razer, ila safari hii kwa jicho lingine. Ile mashine ilikuwa nzuri kuliko zote kwa macho, mdomo wake wa haidroliki unatoboa bati kama karatasi. Iliingia mfululizo wa pili mwaka 1998, na ubingwa wa Uingereza haikuupata mpaka mfululizo wa tano. Katikati hapo walikuwa wanaondolewa, wanarudi gereji, wanarekebisha.

Halafu aangalie fainali ya mfululizo wa sita, Razer na Tornado. Tornado ni boksi lenye magurudumu na mota zenye nguvu, sifa yake kubwa ni kusukuma. Wenyewe walijua mpinzani wao anaua kwa kubana, wakafunga fremu kuizunguka roboti yao ili mdomo ule usifikie mwili. Kisha wakamsukuma Razer kwenye lile shimo la ulingoni. Watu walilalamika sana kuhusu ile fremu, mimi naona ilikuwa akili safi. Walijenga kwa kumfikiria mtu wanayeenda kukutana naye. Binti yako sasa anamjua wa kwake, na ana wiki sita.

Kipanga77:
Nimesoma yote. Nabaki na wasiwasi wangu kuhusu ule ubapa wa chuma. Watoto wa miaka 11 wanashika kitu kinachozunguka kwa kasi hiyo? Hata ndani ya boksi?

FundiSolda:
Wasiwasi wako una haki mkuu. Kwa uzito wa gramu 150 bado kipande kinaweza kuruka kikaingia jichoni. Kwa hiyo kuna mambo ambayo mwalimu wa klabu hana ruhusa ya kuyalegeza. Boksi liwe la plastiki ya polikaboneti, siyo ya akriliki, maana akriliki inapasuka vipande vyenye makali na polikaboneti inabonyea tu. Liwe na paa. Silaha ifungwe kwa pini au kamba mpaka mlango wa ulingo ufungwe. Kila roboti iwe na kiungo cha kuchomoa cha kukata umeme, ambacho hata mtoto mdogo anakifikia haraka. Na rimoti ikizimwa, roboti nayo isimame yenyewe, mota na silaha. Hilo lijaribiwe kabla ya pambano, siyo kuaminiana. Miwani ya kukinga macho kwenye meza za matengenezo.

Klabu nyingine zinaweka daraja la wanaoanza lisilo na silaha za kuzunguka kabisa. Kwa umri huu mimi ningependelea hivyo.

MwlHisabati:
Naunga mkono hilo la daraja la wanaoanza. Jingine, muulize mwalimu waamuzi wanatoa pointi kwa nini. Robot Wars ya zamani waamuzi walikuwa wanaangalia mtindo, udhibiti, uharibifu na ushambuliaji. Udhibiti umo! Mtoto anayeendesha vizuri anapata pointi bila kuvunja kitu cha mwenzake. Klabu zikiacha uharibifu peke yake ndio uhesabiwe, kila mtoto atataka chuma kinachozunguka.

Na mazoezi ya kuendesha hayahitaji ulingo. Vikombe vinne sakafuni, apite katikati yake mbele na nyuma, bila kugusa, kwa dakika kumi kila siku. Roboti inapokuja inamtazama, kulia kwake kunageuka kushoto, na hapo ndipo watoto wanapotea. Hilo linatoka kwa mazoezi tu.

MamaBinti:
Wakuu, nimerudi na habari.

Jana jioni alikaa mezani mwenyewe, sikumwita. Alifuata waya kama Fundi alivyosema. Ule mwekundu wa betri ulitoka mkononi mwake na solda yake yote, umekatika pale unapoingia kwenye ubao. Mota zote mbili ni nzima, alizijaribu kwa betri ya tochi, zikazunguka. Akanitazama akasema, mama, haikufa, ilichomoka. Akalisema mara mbili.

Betri ilikuwa imekaa tu juu ya kipande cha sponji, haikufungwa na chochote. Na tairi, kama mlivyohisi, lilisukumwa tu.

Leo ameamka na orodha. Betri mpya ataifunga kwa mkanda wa kunata, waya ataukunja kidogo na kuubana kabla haujafika kwenye solda ili ukivutwa usivutike pale. Anapima kila kitu kwenye mizani ya jikoni na kuandika gramu pembeni. Mwalimu wa klabu nimeshaongea naye, daraja la wasio na silaha za kuzunguka litakuwepo. Ajabu ni kwamba binti amekataa kuingia huko. Anamtaka yule yule. Sijamwambia ndiyo wala hapana, nasubiri kwanza nilikague lile boksi kwa hayo aliyoandika Fundi.

Anauliza (amekaa hapa pembeni yangu): anataka kuweka kabari mbele, ule ubapa ukija uteleze kwenda juu. Mteremko wa kabari uwe wa nyuzi ngapi?

FundiSolda:
Mwambie wazo lake ni zuri sana, ubapa wa kulala unapokutana na mteremko imara unateleza juu, na mara nyingi ni mwenye ubapa anayerushwa.

Nyuzi zisimsumbue sana, kati ya 30 na 45 panatosha kuanzia, kadiri inavyolala ndivyo inavyokuwa ndefu na kula gramu. Kikubwa ni mdomo wa mbele uguse sakafu muda wote. Ukiachia hata upenyo wa kuingiza kadi, ubapa utaingia chini na kuinyanyua. Aifunge kwa bawaba ili ianguke kwa uzito wake yenyewe, na pande zishuke kufunika magurudumu. Akate kwanza ya kadibodi, aifunge kwa tepu, aendeshe kati ya vile vikombe aone inapokwama. Kisha alete picha.